Kinga ya Pili

Mama Pacing, muuza ndizi za kukaanga kwa sukari, za kwenye vijiti, aliye chini ya ngazi zetu hapa mtaani Cubao, anaapa mpaka leo kwamba Jumamosi ile alisikia mtu akiuawa. Anasema mafuta yake yalikuwa yamechemka na foleni ya wateja imefika mlangoni kwa dobi, mara sauti ya mwanamke ikashuka kutoka ghorofani: "Umeniua, Santi! Umeniua mbele ya watu, na ulijua!" Anasema aliuacha mwiko ndani ya karai, akawaita walinzi wawili wa mtaa, wakapanda wote watatu, yeye akiwa mbele na rungu mkononi. Hapo pa rungu mimi simwamini.

Maiti hawakuikuta. Walikuta meza ndefu, kete zimetapakaa, sahani ya tambi iliyopoa, na msichana aliyevaa sare ya kijani ya kliniki ya meno, amesimama amefura kwa hasira. Huyo ni Luningning, sote tunamwita Ning. Mbele yake alikaa mpenzi wake Santi, mwalimu wa sayansi, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, macho yamezama mezani.

"Aliyekufa ni nani?" mlinzi mmoja akauliza.

"Mimi," Ning akajibu.

Mlinzi akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Basi pole, dada."

Mapenzi yao yalianza kwa kete hizo hizo. Ilikuwa jioni ya mvua kwenye ngazi za stesheni ya treni, watu wanasukumana na miavuli inachoma macho. Kifuko cha Ning kikapasuka, kete za rangi zote zikaanza kuteremka ngazi moja moja kati ya miguu ya watu. Kijana mmoja aliyelowa chapachapa akainama kuziokota.

"We! Usizishike kwa mkono mtupu!" Ning akampigia kelele. "Utazitia mkosi!"

Kijana akatoa leso, akaziokota kwa leso moja baada ya nyingine, kama anaokota mayai. "Hata mimi zangu sitaki ziguswe," akasema. "Naitwa Santi. Unachezea wapi?"

Treni ikaja ikaondoka. Ikaja nyingine ikaondoka pia.

Mchezo wenyewe ni wa maneno. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, na nguvu zake, uchawi wake na vidonda vyake vimeandikwa kwenye karatasi. Santi ndiye mwendesha mchezo: yeye anasimulia, wao wanajibu, kete zinarushwa na namba zake zinaamua, na ukitokea ubishi neno lake ndilo la mwisho. Mtu wa Ning aliitwa Dalisay, mganga wa milimani. Ning alimlea tangu hajui hata kuwasha moto kwa uchawi, kabla hajamjua Santi. Akifa mtu wako, karatasi yake inabandikwa kwa pini kwenye ukuta wa mlangoni. Wanauita ukuta wa marehemu.

Jumamosi ile Dalisay alikuwa na kinga mbili mwilini, ndogo aliyojiwekea asubuhi na kubwa aliyoiongeza walipofika mtoni. Kinga mbili za jina moja hazijumlishwi. Kubwa hufanya kazi, ndogo hukaa kimya chini yake. Lakini kubwa ikiondoka, ndogo huamka. Pale mezani hakuna asiyelijua hilo. Adui yao, mchawi wa kisiwani, akatumia uchawi wa kutangua, ambao hufuta kinga moja tu. Akaifuta ile kubwa, halafu akatupa moto.

"Ndogo bado ninayo," Ning akasema, tayari anafuta na kuandika. "Moto unakatwa nusu. Naishi."

Efren, mchezaji mwenzao ambaye kila wiki anakula tambi za wenzake, akacheka kwa pua. "Mpenzi wa mwendesha hafi. Tumeshazoea."

Wengine wakatabasamu chini chini. Santi akamtazama Efren, akazitazama kete.

"Zote mbili zimefutika," akasema. "Ni za jina moja. Dalisay amekufa."

"Santi, fungua kitabu usome."

"Nimeshaamua, Ning."

Efren akanyanyuka kutafuta pini kwa furaha iliyopitiliza. Ning akainama sikioni kwa Santi. "Umesahau, au unajua?"

Santi hajawahi kuweza kumdanganya. "Najua," akanong'ona. "Tutaongea baadaye, mpenzi."

Hapo ndipo Mama Pacing aliposikia alichosikia.

Santi alimpigia Ning simu Jumapili, haikupokelewa. Iliita Jumatatu wakati Ning anamshikia daktari koleo, haikupokelewa. Jumatano Ning akapokea.

"Mpenzi, jamani. Ni mchezo tu."

"Usiniite mpenzi. Mchezo? Na kastadi ya mama yako nayo ilikuwa mchezo?"

 Santi alijua inakoelekea.

Mwezi uliopita mama yake alisherehekea siku ya kuzaliwa. Ning aliamka alfajiri akapika kastadi ya karameli, viini vya mayai dazeni nzima, Santi amesimama pembeni akilamba kijiko. Mezani, mbele ya shangazi wote, mama mtu akaionja, akafunga macho, akasema, "Tamu! Wasichana wa siku hizi wana bahati, kila kitu kipo dukani." Shangazi wakacheka. Ning akamgeukia Santi. Santi akajipakulia wali.

"Ulisimama nami jikoni," Ning akasema kwenye simu. "Vidole vyangu viliungua ukaviona. Ukanyamaza!"

"Sikutaka mama aone nimeshaanza kuwa upande wako."

"Na Efren je? Naye ni mama yako?"

"Wanasema nakupendelea, Ning. Kila wiki wanasema."

"Kwani haki yangu ni upendeleo?"

Hakumngoja ajibu.

"Ungekosea ningekucheka, nikakuonyesha ukurasa, yakaisha. Lakini wewe hukukosea! Uliniona niko sahihi, ukanitupa ili watu wakuone mwadilifu. Sasa nikiolewa na wewe itakuwaje? Kila nitakapokuwa sahihi nishindwe, ili mume wangu asifiwe? Siwezi, Santi. Nakupenda, na siwezi."

Akakata.

Ijumaa Santi akapita kwa Mama Pacing, ndevu hajanyoa, shati lile lile lililopigwa pasi sasa limekunjamana.

"Muuaji wangu!" Mama Pacing akamkaribisha. "Leo vijiti vingapi?"

"Viwili, mama."

"Viwili vya nani? Marehemu hali ndizi."

Wateja wakacheka. Santi akajaribu kucheka, ikashindikana. "Nimemwomba msamaha kwenye simu, hapokei tena."

"Kwenye simu!" Mama Pacing akagonga mwiko kwenye karai. "Kuua ulimuua huko juu, watu wanatazama, mpaka mimi nikaunguza ndizi zangu. Msamaha unampelekea sikioni, kama deni la aibu. Chukua kimoja, uende."

Jumamosi, wachezaji walipokaa mezani, Mama Pacing akampigia Ning kliniki kwa simu ya dobi. Alimwambia nini, mpaka leo hajakiri vizuri, ila Ning alikuja mbio, sare ameshaivua, kwa gauni la njano na viatu vyeupe vya kazini, akapanda ngazi akihema.

"Amevunjika mguu gani?"

Santi alikuwa amesimama juu ya kiti mbele ya ukuta wa marehemu, miguu yote mizima. "Nani kavunjika?"

"Mama Pacing!" Ning akaita chini.

"Mafuta yanaungua!" sauti ikajibu.

Ning akageuka aondoke.

"Ning, subiri. Ninyi nyote nisikilizeni." Santi akang'oa pini, akaishusha karatasi ya Dalisay, akashuka kitini. Sauti yake ilikuwa ya darasani. "Wiki iliyopita kinga ndogo ilikuwa bado ipo. Sikusahau, nilijua. Nilimuua Dalisay kwa sababu niliogopa maneno yenu. Ning alikuwa sahihi. Dalisay yu hai."

"Si nilisema?" Efren akadakia, mdomo umejaa. "Mpenzi wa mwendesha—"

"Ndiyo, Efren, ni mpenzi wangu. Na yuko sahihi. Hayo ni mambo mawili, na moja halilifuti jingine. Na hizo tambi ni za watu wote."

Meza ikapiga kelele. Efren akasukuma sahani, masikio mekundu.

Ning aliipokea karatasi. Akapitisha kidole juu ya tundu la pini, hapo juu ya jina. Hasira ilikuwa bado imekaa mabegani mwake, lakini macho yalikuwa yameshalowa, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Santi akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiboksi kidogo. "Nilipanga kungoja Krismasi, taa ziwashwe. Lakini nimeona nikikungojesha nitazidi kukukosea. Luningning, utakubali nikuoe?"

Hakuna aliyegusa kete. Mama Pacing alikuwa ameshafika mlangoni, mwiko mkononi unadondosha sukari.

Ning akakitazama kiboksi. Hakukishika, wala hakukisukuma.

"Toa simu yako," akasema.

"Simu?"

"Hawa ni rahisi, Santi. Efren utamshinda kila wiki. Mpigie mama yako. Weka sauti kubwa, wote tusikie. Mwambie nani alipika ile kastadi."

Santi akaitoa simu. Akabonyeza namba, akaiweka simu katikati ya meza, kati ya kete na tambi. Ikaita. Ikaita tena.

"Santi?" Sauti ya mama yake ikajaa chumba kizima, changamfu, nyuma yake kelele za shangazi na vyombo. "Mwanangu, umeshakula?"

Ning alikunja mikono kifuani, akamtazama.

"Santi?" mama akaita tena. "Mbona kimya? Unataka kusema nini, mwanangu?"