Nani Aliwala Panya?

Boksi lilipasuka katikati ya ukumbi wa posta, saa ya msongamano, na vitonge vyeusi vyenye manyoya vikabingirika hadi miguuni mwa watu. Mama mmoja kwenye foleni alipiga ukelele. Mzee aliyekuwa nyuma yake akaruka kama kijana wa sekondari. Kitonge kimoja kilikanyagwa, kikafumuka, na ndani yake yakaonekana mafuvu madogo, meupe pe.

"Uchawi!" mtu alipayuka. "Fungeni mlango, asitoke!"

Mwenye boksi, kijana mrefu mwenye shati la bluu lililonyooshwa vizuri, aliinua mikono kama mtu aliyeelekezewa bunduki. "Jamani, si uchawi! Ni matapishi ya bundi tu! Humeza panya mzima, kisha hutema manyoya na mifupa!"

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Ukumbi mzima ulirudi nyuma, isipokuwa mwanamke mmoja aliyevaa suruali ya kaki na blauzi ya manjano. Yeye alisogea, akachuchumaa, akaokota kitaya kidogo kwa ncha za vidole na kukiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu si panya," alisema. "Ni kirukanjia. Bundi wako hachagui chakula."

Kijana alimkodolea macho. "Dada, wewe ni nani?"

"Mtu anayekusaidia kuokota kabla hujapigwa. Inama, bwana!"

Kwenye makumbusho alikofanya kazi, mwanamke huyo aliitwa Fuko, kwa sababu nusu ya maisha yake kichwa kilikuwa ardhini, akichimba makazi ya watu wa kale. Kijana alikuwa mtaalamu wa ndege, mgeni chuoni, na siku ileile Fuko alimbandika jina la Manyoya. Jina likaganda.

Mapenzi hayakuchukua muda kuchipua. Simu zilianza asubuhi kabla ya chai.

"Umeamka, Manyoya wangu?"

"Nimeamka, malkia wa mashimo. Nimekula hata kuku na mifupa yake."

"Utaitapika saa ngapi?"

"Nikishakuona."

"Mchafu wewe!" Fuko alicheka mpaka dada yake, mshonaji aliyeishi naye, akagonga ukuta akitaka utulivu.

Lakini Fuko alikuwa na jambo zito moyoni. Nje ya mji alichimba nyumba ya mawe ya zamani sana, na juu ya sakafu yake alikuta tabaka nene la mifupa midogo, karibu yote ya panya. Akaamini palikuwa na njaa kuu, na kwamba watu wa nyumba ile walifikia kula panya. Mara nyingi alimwona akilini mama asiyemjua, akiwachemshia wanawe panya na kuwaambia ni nyama ya kawaida. Alimlilia mama yule kama ndugu. Sasa alikuwa ameandaliwa mkutano wa kuieleza kazi yake, na wakubwa wakiikubali, atapewa kikosi chake mwenyewe cha uchimbaji.

Siku alipomwonyesha Manyoya ile mifupa, alimtengea kiti kwenye hadubini kama mtu anayemkaribisha mgeni wa heshima. Manyoya aliinama. Akasogeza mfupa mmoja, kisha mwingine, kisha akarudi kwa ule wa kwanza.

"Vipi?"

"Ni... ni mingi."

"Yaani nakuonyesha jasho langu lote, unaniambia ni mingi?"

Manyoya alicheka, kicheko kikavu. Akaomba aazime michache. Fuko akambusu shavuni na kumfungia mifupa hiyo kwenye pamba, kwa furaha.

Siku ya mkutano Fuko alivaa gauni la zambarau alilokesha akilishona dada yake, lililomkaa kiunoni kama lilizaliwa naye. Alizima simu asije akababaika. Aliongea vizuri. Alipofika kwa yule mama na wanawe, watu wawili mstari wa mbele walifuta macho. Makofi yakalipuka.

Kisha bibi mmoja mwenye mvi, mtaalamu mgeni, akanyoosha mkono. "Mwanangu, umetusisimua. Lakini bundi je? Bundi naye hula panya."

Mkurugenzi wa makumbusho aligeuka kwa tabasamu. "Bahati nzuri mtaalamu wetu wa ndege yupo, na nasikia ameiona mifupa hiyo. Haya, tuambie. Nani aliwala panya?"

Manyoya alisimama taratibu. Uso ulikuwa umemkauka. "Naomba nizungumze naye kwanza. Pembeni."

Ukumbi ukavuma. "Zungumza hapahapa," alisema Mkurugenzi, tabasamu likimpotea.

"Ni bundi," Manyoya alisema, na sauti yake haikufika mbali, lakini ilimfika Fuko. "Ncha za mifupa zimeliwa na asidi ya tumbo la ndege. Hakuna alama ya kisu wala ya moto. Hakuna mtu aliyewapika."

Fuko alisikia mtu akikohoa, kiti kikisogezwa, mwingine akicheka kidogo. Alikusanya picha zake na kutoka. Manyoya alimkuta koridoni.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliponionyesha."

"Ukaja kwetu Jumapili, ukala chakula cha dada yangu, ukaomba uongezewe mchuzi, huku unajua?"

"Nilitaka niwe na uhakika, mpenzi. Nilikuona ulivyo na furaha, nikashindwa..."

"Mbele ya watu wote uhakika unao, mbele yangu huna! Ondoka machoni pangu."

Hakupokea simu zake tena. Dada yake alipotaja tu jina la Manyoya, Fuko alitoka chumbani.

"Unamwacha mtu kwa ajili ya panya waliokufa kabla ya babu zetu?" dada alimfokea kutoka jikoni.

Kilichomrudisha kazini kilikuwa hasira. Alitaka kumuumbua Manyoya. Kabatini alikuwa na vitonge alivyopewa na Manyoya. Akaviloweka kwenye maji ya vuguvugu, akavifumua kwa koleo dogo, akaupanga mfupa wa paja wa panya wa juzi kando ya mfupa wa paja kutoka nyumba ya mawe. Akainama kwenye hadubini.

Ilifanana kama mapacha. Ncha zilelile zilizolika kama sabuni iliyosahaulika majini.

Hivyo Manyoya alisema kweli. Bundi aliishi mle ndani, miaka na miaka, akitapika juu ya sakafu ile.

Kisha wazo la pili likampiga. Bundi gani atakaa chumba kimoja na moshi wa jiko na kelele za watoto? Nyumba ilikuwa tupu! Na mbona hakuwahi kukuta chungu kizima, wala jiwe la kusagia, wala jembe? Mwenye kufa njaa huviacha vyombo. Anayehama hufungasha.

Alishika simu kwa mikono iliyolowa.

"Manyoya."

"Fuko? Ni wewe kweli?"

"Walihama."

"Nani?"

"Watu wangu! Hawakufa njaa. Walifungasha wakaondoka wazima, na bundi akaingia baada yao. Yule mama hakuwapikia wanawe panya!" Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Mungu wangu. Fuko, hilo ni kubwa kuliko..."

"Nyamaza, bado nina hasira. Njoo makumbusho unione nikiwa na hasira."

Nusu saa baadaye simu iliita. Alikuwa dada yake. Fuko akabonyeza sauti kubwa na kuiweka mezani, akaendelea kupanga mifupa.

"Leo utanisikiliza," dada alisema. "Asubuhi ya mkutano yule kijana alikuja hapa anahema, jasho tele. Alisema lazima akuone kabla hujaongea. Ulikuwa umeshatoka, na simu umeizima."

Koleo lilimdondoka Fuko. "Dada! Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?"

Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa. Manyoya alikuwa amekonda, shati upande mmoja ndani, upande mwingine nje.

"Nilichelewa kusema," alianza. "Nisamehe. Niliogopa kukuvunja moyo, nikakuvunja mbele za watu."

"Sitaki unisifu," Fuko alisema. "Wa kunisifu ninao tele. Nataka mtu wa kuniambia nimekosea nikiwa bado mlangoni. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Hata nikinuna?"

"Hata ukinuna wiki nzima."

"Basi nioe."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiri. Alijishika mdomo, macho yamemtoka. Manyoya alishikilia ukingo wa meza kama sakafu imeinama.

"Mjibu basi, wewe!" sauti ilifoka kutoka mezani, nao wakaruka wote wawili. "Mimi huku nimesimama na sindano mkononi!"

Manyoya aliitazama simu, kisha akamtazama Fuko, mwenye manyoya ya panya mpaka kwenye nyusi.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, shemeji. Anza kushona."