Kelele Isiyosikika

Haya wajukuu, nitegulieni hiki: hupita ukutani bila tundu, hubeba maneno bila mdomo. Mmeshindwa? Basi nipeni mji! Ni mawimbi ya simu.

Chiriku alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa hivyo kwa kuongea bila kituo. Kila jioni, akimaliza kuosha vyombo, alizungumza kwa simu na baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu. Sauti ilikuwa ikikatikakatika, mpaka mjomba alipowaletea kikuza mawimbi, kifaa cha kuongeza nguvu ya mtandao wa simu, chenye antena mbili.

"Moja paani, nyingine chumbani. Zisikaribiane," mjomba alisisitiza.

Chiriku akaona uvivu kupanda paani. Akazifunga zote mbili dirishani. Sauti ya baba ikaja kama yuko jikoni!

Jumamosi moja, muuguzi wa zahanati ya mtaani alitoka nje mbio. "Mama mjamzito anatokwa na damu! Nikipigia gari la wagonjwa, simu inakatika!"

Barabarani alikuwepo fundi wa mitambo ya simu, mwanamama aliyekuja kutafuta chanzo cha hitilafu hiyo. Alishika antena mfano wa mfupa wa samaki, iliyounganishwa na kioo kidogo kama cha simu. Chiriku, aliyekuwa akicheza hapo na wenzake, akachungulia. Mstari wa kijani ulikuwa umeumuka kama kilima.

"Mama fundi, hicho ni nini?"

"Kelele, mwanangu. Sisi hatuisikii, mnara wa simu unaisikia. Inaifunika sauti ya muuguzi."

Chiriku akatazama juu. Kumbe hewa yote hii, juu ya kamba za nguo na vichwa vya watu, ilijaa sauti!

Fundi akapaza sauti. "Mabati yanarudisha mawimbi huku na huku. Peke yangu nitatafuta saa nzima. Nani amefunga kikuza mawimbi?"

Chiriku akatupia jicho dirisha lao. Akisema, atamkosa baba.

"Leo Chiriku kameza ulimi!" mwenzake mmoja akamtania.

Mgonjwa akalia kwa uchungu ndani ya zahanati.

"Ni mimi!" Chiriku akasema, akakimbia nyumbani, akachomoa waya. Kwenye kioo kilima kikaporomoka, mstari ukalala kama maji mtungini.

"Haloo? Ndiyo, leteni gari sasa hivi!" muuguzi akapaza sauti.

Gari lilifika kwa wakati. Mama na mtoto wakapona. Lakini Chiriku alimshika fundi mkono. "Sasa baba nitamsikiaje?"

Fundi aliutazama mnara kwa mbali, akaandika jambo kwenye daftari, akaondoka.

Siku ya nne fundi akabisha hodi kwao. Mama yake Chiriku akampa kiti.

"Antena zako zilikaribiana, zikawa zinapigiana mayowe, kama kipaza sauti mbele ya spika yake," fundi alimwambia Chiriku. "Tena kifaa chenyewe hakina kibali. Uvivu wa dakika tano ulimziba muuguzi mdomo. Lakini ungenyamaza, nisingejua kwamba nyumba zenu hazipati mtandao. Ukisema kosa lako, mwanangu, watu wanaiona na shida yako."

Chiriku akainamisha kichwa.

"Na uliniuliza utamsikiaje baba," fundi akaendelea. "Jana nilipanda mnarani, nikaielekeza antena yetu huku kwenu. Mpigie."