Nafasi Sita

Walikutana kwenye duka la vifaa vya kompyuta, Jumamosi, watu wakisukumana mbele ya kaunta. Binti alikuwa mtunzi wa programu, gauni la kijani na raba miguuni, amekumbatia kibodi mpya. Nyuma yake alisimama karani wa mahakama, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, ameshika kipanya.

"Kipanya cha nini?" binti akamtania. "Mimi vidole vyangu havitoki kwenye kibodi."

"Mimi napenda kugusa ninachokitaka," karani akajibu, na binti akasahau kwamba zamu yake imefika.

Mapenzi yakapamba moto. Binti akamwekea karani programu ya kuandikia aliyoitunga mwenyewe, na kila jioni karani akakaa na bibi yake binti, bibi akisimulia maisha yake, karani akichapa. Zilitimia kurasa arobaini. Kisha bibi akafariki, na maneno yake yakabaki humo tu.

Baada ya mazishi karani alitaka kuondoa kurasa za 11 hadi 19, alizozichapa mara mbili. Kwenye mstari wa amri, chini kabisa ya skrini, akaandika "futa 1-19". Akaona kosa. Akabofya baada ya ile moja ya mwanzo, akaongeza moja nyingine na kubonyeza kitufe cha kuingiza bila kutazama tena. Lakini kishale, alama inayoonyesha herufi itakapoingia, kilikuwa kimeruka hadi mwisho wa mstari, na amri ikasomeka "futa 1-191". Bibi wa watu akafutika, kurasa zote arobaini.

"Nilibofya pale pale, mpenzi. Naapa."

"Usiniite mpenzi. Kishale hakina miguu."

Binti akamfungia mlango. Wiki tatu karani akapiga simu weee, binti asipokee.

Hasira hazikuisha. Siku moja kazini binti aliazima kipanya cha jirani yake ili athibitishe kwamba karani ni mwongo. Akaandika amri ile ile, akabofya baada ya ile moja. Kishale kikaruka hadi mwisho. Akarudia, kikaruka tena. Akaipekua programu yake. Neno "Amri:" mwanzoni mwa mstari, pamoja na nafasi tupu inayolifuata, lilichukua nafasi sita, naye hakuzitoa alipoielekeza programu mahali pa kuweka kishale, hivyo kila mbofyo ulihesabiwa nafasi sita mbele, kupita mwisho wa amri. Mwaka mzima aliitunga programu ile bila kugusa kipanya hata siku moja. Akazitoa zile sita, akabofya, kishale kikatua mahali pake. Akampigia karani simu.

"Kosa ni langu," alisema. "Nimejaribu, nimeona."

Karani akauliza, "Na usingejaribu, ungeniamini?"

Angeweza kudanganya. "Hapana."

Karani akakata simu. Binti hakungoja jioni. Alitoka kazini mbio hadi kwa karani.

Karani alifungua mlango nusu, daftari mkononi, vidole vina wino. Hakumkaribisha. Alimweleza kwamba kila siku akitoka kazini anaandika anayoyakumbuka ya bibi, na sasa amekwama ukurasa wa thelathini na moja.

"Babu yako alipotokea kumposa baada ya miaka miwili ya kimya, bibi alimjibuje?"

Binti aliijua hadithi hiyo tangu utotoni. "Alimwambia, umechelewa, lakini ingia."

Karani akaandika neno kwa neno. Akalifunga daftari, akaufungua mlango wote.

"Umechelewa," alisema. "Lakini ingia."