Disketi ya Bibi Kidawa

Alasiri ile mgawo wa umeme ulikuwa zamu ya Temeke. Redio za mtaa zilikuwa kimya, na Najma alikuwa uani anakuna nazi aliposikia kompyuta ya sebuleni inasoma disketi. Akaingia ndani. Kioo kilikuwa cheusi na waya umechomolewa ukutani, lakini disketi ilikuwa inazunguka, na chumba kizima kilinuka mavumba, yale manukato ya kupungia majini ambayo hayakuwahi kuingia humo tangu Bibi Kidawa azikwe. Alipoichomoa, ilikuwa imelowa marashi.

Hofu ilikuja baadaye. Kwanza alikasirika, maana disketi ile ilikuwa tupu, na aliyeifanya tupu ni kaka yake.

Kwa miaka Najma alikuwa akienda Kisarawe kuwahoji wazee wa ukoo kwa kaseti, kisha anachapa na kupanga: disketi moja ya upande wa babu, nyingine ya upande wa mama, na hii, aliyoipenda kuliko zote, ya Bibi Kidawa, bibi yao mzaa baba. Bibi Kidawa alikuwa Mzaramo na kiti cha jini. Jini alimpanda, akasema kwa kinywa chake, na wagonjwa walimfuata kutoka mbali. Kaseti zenyewe Najma alikwisha kuzirekodia taarabu, kwani disketi si ipo? Na wale wazee wote walikwisha kufa.

Abdulrahman, kaka yake mkubwa, alikuwa na duka la vitambaa, na kompyuta ni yeye aliyeileta, mtumba wa Dubai. Familia moja ya Mbezi Beach ilimposa binti yake Raudha, wakataka kuijua nasaba yake. Basi bwana akakaa kitako akaifuta disketi ya Bibi Kidawa yote, na katika ile ya babu akambakiza babu Mshihiri, yule Mwarabu wa Hadhramaut, peke yake, kana kwamba mzee alijizalia watoto mwenyewe. Najma alimwambia mkataa kwao mtumwa. Akajibiwa kwamba mpiga ngoma za majini hawezi kuwa bibi wa bi harusi. Hasira hasara, husema wenye cha kupoteza. Cha Najma kilikuwa kimeshafutwa, akaila hasira yake asubuhi na jioni.

Magharibi ya siku ile disketi ilipozunguka, Raudha, ambaye Najma alimlea tangu mama yake afariki, alisukuma sahani yake. Hakula tena. Kila adhana ya magharibi ilipokwisha alikaa kitandani akasema Kizaramo, yeye ambaye hakukijua hata neno, kwa sauti ya mwanamke aliyekula chumvi nyingi, huku mavumba yananuka mpaka barazani na mashavu yake yanabonyea siku hata siku.

Najma alimwita Bi Hamisa, fundi wa majini wa Mbagala. Bi Hamisa alimgusa binti utosini, akatoa mkono upesi.

"Nani katolewa nyumba hii?" aliuliza kwa kunong'ona.

Najma akamweleza.

"Mmemvunjia jini kiti chake. Huyu mtoto hamwezi, jini atampasua. Aliyemfuta bibi amtaje mbele za watu na amtake radhi. Ama sivyo, mwanamke mwingine wa damu hiyo amkaribishe mwenyewe. Lakini mwanangu, ukimkaribisha, hatoki mpaka kaburini."

Abdulrahman akasema wageni wanakuja kesho yake, na yeye hatataja mganga mbele ya wakwe. Raudha ana malaria, basi. Najma alimtazama, akaona kwamba mtu anaweza kumzika mwanawe kwa ajili ya sifa. Alimchukia usiku ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

Wageni walikuja, wanne, wananukia udi wa gharama. Abdulrahman alianza kuwasomea nasaba, fulani bin fulani, na alipofika kwa babu, kompyuta pembeni, imefunikwa kitambaa, haina waya, ikaanza kunguruma. Akapandisha sauti. Kompyuta nayo ikapandisha, na harufu ya mavumba ikashuka nzito mpaka mama wa bwana harusi akaziba pua kwa mtandio, na mlango wa chumbani ukafunguka, Raudha akatoka anatembea kwa visigino, kichwa kimegeukia mgongoni kiasi ambacho shingo ya mtu haifiki, anamwita Abdulrahman kwa jina la utotoni ambalo bibi yake tu ndiye aliyekuwa akimwita, na damu inamtiririka puani inadondokea vitumbua vya wageni.

"Kaka, mtaje," Najma alisema.

Abdulrahman alifumbua mdomo. Akawatazama wageni. Akaufumba.

Hapo kifua cha Najma kikajaa. Alimkumbatia Raudha, akamwambia sikioni, polepole, "Mwache mtoto. Njoo kwangu mie. Hasira ninazo, utakula ushibe."

Kompyuta ikanyamaza. Shingo ya Raudha ikarudi, akalegea mikononi mwa shangazi yake, akaomba uji kwa sauti yake. Najma akamlaza kwenye mkeka. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha kaka yake, akatandaza miguu kizee, akamtazama Abdulrahman bila kupepesa. Hakuna aliyethubutu kuinuka.

Abdulrahman alipiga magoti. Kaka mkubwa, mwenye mvi, mbele ya mdogo wake ambaye yeye ndiye aliyembeba mgongoni utotoni. Aliwaambia wageni kwamba bibi yake ni Kidawa, Mzaramo wa Kisarawe, mganga, na kwamba alimkana. Kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Wote walingoja ile sauti ya kizee.

"Marahaba," alisema Najma, na sauti ilikuwa yake mwenyewe.