Lukumani kwa Herufi Kubwa

Foleni ya vifurushi pale paki ya basi ya Arua haikusogea, na Hawah wa Koboko, gauni la manjano, mtandio mwekundu, marashi ya kuamsha aliyesinzia, alikuwa amechoka kusimama.

"Kaka, wewe iko kazini ama unaota moto wa kompyuta?"

Dirishani, Lukumani wa Awindiri aliinua macho kutoka kwenye programu ya kutafutia vifurushi kwa majina, aliyokuwa akiiandikia ofisi ile kwa lugha ya kompyuta ya C. Akasahau alipofika.

"Natafuta jina lako, dada."

"Hujaniuliza."

"Ndiyo maana silioni."

Wakapigiana simu miezi mitatu, kila siku mpaka betri ilie. Mwishowe kijana akajikaza: "Habibi, utakubali nikuoe?"

"Hiyo haijibiwi kwa simu. Nakushonea kofia. Jumanne ukiipata kwa basi, ni ndiyo. Usipoipata, umekataliwa."

Jumanne Lukumani aliwahi, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Programu yake ilikuwa na siku moja kazini. Akaandika: lukumani. Kioo kikajibu: HAKUNA.

"Ngoja niangalie rafuni," alisema Candiru, karani.

"Usisumbuke. Programu yangu haikosei."

Akazima simu siku nne. Kiburi na huzuni vikalala naye kitanda kimoja.

Jumamosi Hawah alishuka kwenye basi la Koboko na kifurushi alichorudishiwa kwa kukosa mchukuaji, akakitupa juu ya kibodi.

"Kama hunitaki, sema. Kofia yangu imekosa nini? Kichwa?"

"Mashine ilisema hakuna!"

Juu ya kifurushi, kwa kalamu nene, herufi kama za bango: LUKUMANI. Candiru alikuwa amelinakili jina hivyo hivyo kwenye orodha ya kompyuta, na lilikuwa bado halijafutwa. Lukumani akajaribu LUKUMANI: IKO. Akajaribu lukumani: HAKUNA.

Akashika kichwa. "Nilitumia amri ya memcmp. Inalinganisha kumbukumbu mbili baiti kwa baiti. Kwake L kubwa na l ndogo ni watu wawili, hata salamu hawapeani."

"Yaani herufi zimeninyima mchumba?"

"Herufi na kiburi changu. Nisamehe."

Akafuta, akaweka memicmp, ile isiyojali kubwa wala ndogo. Akaandika tena: lukumani. IKO. Foleni nzima ikapiga makofi, hata wasiojua kwa nini.

Akavaa kofia. Ikamkaa sawasawa.

"Na lile jibu, asali wangu? Bado iko?"

Hawah akavuta kibodi, akaandika polepole: ndiyo.

"Mbona kwa herufi ndogo?"

"Si umesema sasa ni sawa tu?"