Matawi Aliyoyatoa Elinipa

Kila Jumamosi asubuhi Elinipa alikuwa na kazi mbili: kufua sare zake za shule na kufuta vioo vya gari la mama yake. Kwenye kufua alinung'unika kuanzia shati la kwanza hadi soksi ya mwisho. Kwenye vioo hakuhitaji kukumbushwa. Tangu mama aliponunua kifaa cha ramani na kukibandika kwenye kioo cha mbele, binti huyu wa miaka kumi na miwili alijiona nusu dereva.

Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo, hakizidi kiganja cha mtu mzima. Kilionyesha njia, kiliongea Kiswahili, na kililia pii-pii gari likisogelea mno gari la mbele. Mama alishika usukani, Elinipa akabonyeza njia. Majirani zao wa mtaa wa Kijenge, Arusha, walimtania wakimwita konda wa ramani, naye akavimba kichwa kweli kweli.

Jumamosi moja walikuwa na safari. Mama yake, Ruth, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa ameshona majoho ya kwaya ya watoto. Watoto hao walitakiwa kuimba saa nne katika kanisa lililoko juu, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Majoho yalipakiwa kwenye gari la mama. Watoto tisa wangekuja nyuma katika gari aina ya Noah la Mjomba Solomoni, kaka yake mama.

Njia yao ilipita Tengeru, na Jumamosi ni siku ya soko huko, magari hutambaa. Kabla hawajafika sokoni, kifaa kilionyesha njia nyingine, fupi kwa dakika kumi na nne.

"Mama, tukate kushoto hapo penye mashine ya kusaga."

"Hiyo njia siijui, mwanangu."

"Kifaa kinaijua."

Mama akacheka, akakata kushoto. Elinipa akachukua simu ya mama na kumrekodia mjomba wake ujumbe: "Shikamoo, Mjomba. Msipite sokoni, mtachelewa. Kateni kushoto penye mashine ya kusaga, halafu pandeni moja kwa moja. Nifuateni mimi!"

Mjomba Solomoni alikuwa bado anawapanga watoto garini. Akajibu, "Marahaba, bosi. Tunakufuata."

Njia ilipanda katikati ya migomba na mibuni, ikawa nyembamba, kisha nyembamba zaidi. Kidogo kabla ya kona kali, mama alikanyaga breki. Mbele yao kulikuwa na kitu cha kijani kimelala barabarani.

"Hebu shuka uangalie ni nini," alisema mama, huku akichezea kioo cha kifaa kutazama zimebaki kilomita ngapi.

Elinipa akashuka. Yalikuwa matawi mabichi, yamepangwa mstari mmoja kukata barabara, na kila tawi limewekewa jiwe. Hakuna mtoto wa Arusha asiyejua maana yake. Matawi yakipangwa barabarani, mbele kuna hatari. Elinipa naye alijua.

Lakini alifikiria kugeuza gari, kurudi hadi sokoni, na mjomba akimcheka mbele ya watoto wote wa kwaya. Kutoka ndani ya gari kifaa kikasema, "Endelea moja kwa moja." Basi, akayaburuta matawi yote na kuyatupa mtaroni.

"Ni majani ya ng'ombe tu, mama," alisema akifunga mlango. "Kuna mtu ameangusha mzigo wake."

Mama hakuwa na sababu ya kushangaa. Huko akina mama hupita na mizigo ya majani kichwani kila asubuhi. Akawasha gari. Wakapinda kona, jicho moja la mama likiwa kwenye kifaa.

"Mama! Simama!"

Breki zilipiga kelele. Majoho yakaruka kutoka kiti cha nyuma. Gari likasimama, na hatua mbili tu kutoka kwenye tairi za mbele, barabara iliishia. Kalavati la kupitisha maji chini ya barabara lilikuwa limebebwa na mvua. Chini kulikuwa na korongo lenye mawe na maji ya matope.

"Endelea moja kwa moja," kilisema kifaa.

Mama alikizima. Alirudisha gari nyuma kidogo, akavuta hendibreki, akashuka.

"Hivi wenyeji wa hapa wakoje?" alisema kwa hasira. "Wanashindwa hata kuweka tawi?"

Elinipa alitamani ardhi immeze.

Ndipo mama akamkumbuka kaka yake. Alipiga simu mara mbili, haikupokelewa. Mjomba Solomoni hapokei simu akiwa anaendesha, na siku zote mama humsifu kwa hilo.

"Tutafute matawi haraka," alisema mama, akihangaika kuvunja tawi la mbuni kwa mikono. "Na panga hatuna! Noah imejaa watoto. Akishapinda kona hii, hatawahi kusimama."

Kutoka chini ulisikika mngurumo wa gari linalopanda, na sauti za watoto wakiimba.

"Mama, yalikuwepo!" Elinipa aliangua kilio. "Matawi yalikuwepo. Nimeyatoa mimi, nikakudanganya. Yako mtaroni, kabla ya kona!"

Mama alimtazama mara moja tu. Alimshika mkono, wakakimbia kuteremka. Kandambili moja ya Elinipa ilichomoka, akaiacha. Waliruka mtaroni, wakavuta matawi na kuyatupa barabarani ovyo ovyo, bila mstari, bila mawe. Noah ilipotokeza, mama alikuwa katikati ya njia akipunga tawi kwa mikono miwili.

Ikapunguza mwendo. Ikasimama.

Elinipa alikaa chini pale pale vumbini, akalia kwa sauti. Mlango ukafunguliwa, na Silantoi, mdogo kuliko wote katika kwaya, akachungulia.

"Dada Elinipa, mbona unalia?"

"Nimefurahi mmesimama," alijibu Elinipa.

Bibi mmoja mwenye panga alitoka mbio katikati ya migomba. Aliitwa Bibi Eunike, na shamba lile lilikuwa lake.

"Nani ametoa matawi yangu? Nimeyapanga tangu alfajiri!"

Elinipa akasimama. Wenzake wote walikuwa wakimtazama. "Shikamoo, bibi. Ni mimi. Kifaa kilisema njia inapitika, nikaona aibu kurudi. Nisamehe."

"Marahaba." Bibi Eunike alishusha pumzi ndefu. "Mjukuu wangu, hicho kifaa kinajua barabara ilivyokuwa siku ilipochorwa. Jana mvua ilipobeba kalavati, hakikuwa hapa. Mimi nilikuwepo. Aliyeweka tawi ameona kwa macho yake."

"Na mimi nina kosa langu," alisema mama. "Nilitazama kioo cha kifaa wakati nilipaswa kutazama barabara. Kifaa kinitajie njia kwa sauti, lakini macho ni ya kuendeshea."

Wakayapanga matawi upya, mstari mmoja, na mara hii Elinipa mwenyewe aliweka mawe. Magari yote mawili yakageuzwa kurudi njia ya sokoni. Saa nne ilikuwa imeshapita, lakini watoto wote tisa walikuwa wazima, na tayari wameanza tena kuimba.

Kabla ya kuwasha gari, mama alimgeukia binti yake, akamfuta vumbi usoni kwa kanga.

"Uongo wako ulitufikisha ukingoni. Ukweli wako umewasimamisha hawa. Siku nyingine ukiona hatari, niambie palepale, hata kama wote watakucheka. Ukiona aibu nitakufuta machozi, itaisha. Ungeingia kwenye lile korongo, ningekufuta nini?"

Elinipa alimkumbatia mama yake, akamshikilia hadi Mjomba Solomoni alipopiga honi.