Waya wa Wahu

Siku Nabwile alipogombania uzi wa kuvulia samaki na mwanamume asiyemjua, soko la Kitale lilikuwa limefurika. Watu wa mashambani kule Kachibora na Kwanza walikuwa wameteremsha mahindi, na hata pa kuweka mguu hapakuwa. Nabwile alivaa rinda la njano lililomkaa sawasawa, na mkono wake mmoja ulishika roli ya mwisho iliyobaki dukani. Upande wa pili wa roli hiyo ulishikwa na kijana mrefu mwenye miwani, shati lake jeupe limepata madoa ya gundi.

“Mimi ndiye nilianza kuishika,” Nabwile alisema.

“Na mimi ndiye nilianza kuuliza bei. Kwani wewe ni mvuvi?”

“Natunga shanga. Na wewe utavua wapi hapa Kitale? Bafuni?”

Mwenye duka akaangua kicheko. Kijana hakucheka.

“Natengeneza waya,” alisema. “Waya mwembamba wa kuingia mpaka moyoni bila kuunguza.”

Nabwile alikuwa ametongozwa kwa kila namna tangu amalize chuo, lakini hiyo hakuwa ameisikia. “Ai! Hiyo mistari umetoa wapi, bana?”

“Si mistari, madam. Ni waya wa hospitali. Daktari anaupitisha kwa mshipa, kuanzia kwa nyonga, ndio umwelekeze kwa moyo. Sasa ule wa kawaida ni wa chuma. Ukiupeleka ndani ya MRI, ile mashine ya sumaku, unashika mawimbi ya mashine kama erieli, ncha inapata moto.”

Nabwile aliiachilia roli. “Najua,” alisema. “MRI ya Bungoma, si mimi ndiye naiendesha?”

Kijana akamkodolea macho, kisha akamkabidhi roli yote kwa mikono miwili. Jina lake lilikuwa Kibe, mtoto wa mzee Gathii, mkulima wa mahindi kule Kwanza. Alikuwa amesomea uhandisi na alikuwa na karakana yake nyuma ya nyumba ya kupanga mjini. Walikunywa chai pamoja. Kabla kikombe hakijapoa Nabwile alikuwa amejiambia kwamba mwanamume huyu ana macho mazuri na huzuni fulani asiyoweza kuitaja.

Hazikupita siku nyingi simu zikawa haziishi.

“Sasa, mrembo wa sumaku?”

“Poa, Injinia. Umekula?”

“Nimekula gundi.”

“Wee! Kula ugali, mpenzi, mimi sitaki bwana aliyeshikana midomo.”

Mwenye kituo cha Bungoma aliwaruhusu kutumia mashine Jumapili mchana, wagonjwa wakiwa hawapo. Walilaza nyaya za Kibe ndani ya beseni la jeli, wakaweka kipimajoto cha uzi wa kioo kwenye ncha, wakawasha. Nyaya nyingi zilipata moto na kutupwa. Mwishowe Kibe akaunda mmoja wa chuma laini kisichovutwa na sumaku, akauvika plastiki, na huo ukakaa baridi. Nabwile alimrukia shingoni. Alimvisha bangili ya shanga aliyoitunga kwa ule uzi wa Kitale, fundo kati ya shanga na shanga, naye Kibe akaigeuzageuza kana kwamba ilikuwa na maandishi.

“Madaktari wa Eldoret wanakuja karibuni kuuona,” Kibe alimwambia kwa simu juma hilo. “Lakini kwanza tuujaribu kwa kitu chenye umbo la mtu. Jumapili tunakuja wawili.”

“Wawili? Na nani?”

“Na Wahu.”

Moyo wa Nabwile ulimlipuka. “Wahu ni nani, Kibe?”

“Utamwona tu.”

Basi Nabwile alijipamba kwa shari. Alivaa rinda jekundu, akapaka midomo rangi ya zambarau, akaapa kwamba huyo Wahu atarudi kwao Kwanza akilia. Mvua ilikuwa imejikusanya juu ya Mlima Elgon na mchana ulikuwa na giza la jioni. Langoni, bawabu mzee Bramwel alimsogelea akinong’ona.

“Sista, Injinia amefika. Amebeba mtoto kwa blanketi. Nimemsalimia, hajaitika. Nadhani amelala.”

Nabwile aliingia. Chumba cha mashine kilikuwa baridi kama kawaida, na pampu ya kupoza sumaku ililia ndani ya ukuta, twi, twi, twi, kama ndege aliyefungiwa. Juu ya kitanda alilala msichana.

Hapana, lilikuwa sanamu la jeli. Lakini lilikuwa na kimo cha msichana wa darasa la sita, mikono yake imenyoshwa ubavuni, na lilivaa gauni jeupe la kanisani lenye lesi shingoni. Mahali pa uso palikuwa laini, pasipo macho wala mdomo. Kibe alikuwa ameinama akiiweka lesi sawa. “Usiogope,” alikuwa akisema. “Kelele tu. Mimi niko hapo kwa kioo.”

Nabwile alisikia nywele zikimsimama. “Kibe?”

“Huyu ndiye Wahu,” alisema, na sauti yake ilikuwa shwari kupita kiasi. “Dada yangu mdogo. Alizaliwa na tundu kwa moyo. Walimpitisha kwa eksirei mara nyingi sana, Nabs, kila wakiingiza waya lazima wamulike, na miale hiyo inadhuru mtoto. Daktari akatuambia kama ingewezekana ndani ya MRI, asingehitaji kumulikwa. Lakini waya ungemchoma. Alituacha kabla hajamaliza shule. Nimempima kwa gauni lake.”

Nabwile alimshika mkono, akalia machozi ya kweli, na wivu wote ukamwisha. Lakini Kibe alipotoka kwenda garini kuchukua kompyuta, akabaki peke yake na lile sanamu, na hapo hofu nyingine ikamwingia.

Lilikuwa limelazwa liingie mashineni kichwa kwanza, miguu ikielekea mlangoni. Wagonjwa hulala hivyo kila siku, nao huamka wakavaa viatu wakaenda zao. Lakini Nabwile alilelewa Sirisia na nyanyake, na kwa nyanyake asiyepumua hakulazwa miguu ikitazama mlango isipokuwa wakati wa kumtoa kwa mara ya mwisho. Na huyu alikuwa na jina la marehemu na nguo ya marehemu. Aliligeuza. Akaliingiza ndani ya pango la mashine miguu kwanza, moyo ukae palepale katikati. Mkia mrefu wa waya ambao Kibe alikuwa ameupitisha kwa nyonga ya sanamu sasa haukuwa na njia, akaupindisha ukalala ukutani mwa pango. “Pole, mama,” akaliambia, akafunga mlango mzito, akarudi chumba cha mitambo asiseme kitu. Angesema nini? Msomi mzima, na cheti chake ukutani.

Kibe aliporudi alikaa kando yake nyuma ya kioo, macho kwenye kompyuta. Mashine ikaanza kugonga, du, du, du, du, ngoma isiyo na wimbo. Namba ya kipimajoto ikatulia kidogo, halafu ikaanza kupanda.

“Hii kitu inadanganya,” Kibe alisema. Namba ilipanda tena. “Kipimajoto kimeharibika. Waya huu ulipita!”

Hapo kengele ya mgonjwa ikalia.

Ni ile kengele ambayo mgonjwa huipiga kwa kubinya mpira mdogo akiwa na shida. Ililia kwa muda mrefu, bila kupumzika. Nabwile alibonyeza kitufe cha kusimamisha kila kitu, nao wakakimbilia ndani.

Harufu ya jeli iliyopikwa ilikuwa imejaa. Kibe alivuta kitanda, akaona miguu imetangulia, akaona ule mkia ukutani. Kifuani, chini ya gauni jeupe, jeli ilikuwa imeyeyuka na kuacha tundu jeusi penye moyo. Ule mpira wa kengele ulining’inia kwenye ndoano yake ukutani, hapakuwa na mtu karibu nao. Kibe hakuutazama. Nabwile aliutazama mpaka akahisi kizunguzungu.

“Nani amemgeuza?”

“Mimi. Nyanya alikuwa anasema...”

“Umemchoma! Umemchoma Wahu!”

“Nimechoma nani? Kibe, hii ni jeli!” Sauti yake ilipasuka. “Wahu alienda! Mimi ndiye niko hapa, nimevaa, nimejipaka, nakupenda mpaka nakuwa mjinga, na wewe unaongea na hii kitu kuliko unavyoongea na mimi!”

Kibe aliliviringisha sanamu kwa blanketi, akalibeba kifuani, akatoka mvuani. Bramwel aliwafungulia lango wote wawili, Kibe na yule wa blanketi.

Simu zikanyamaza. Nabwile alivaa sare yake ya bluu, akalaza wagonjwa, akawaambia wavue pete na heleni mlangoni, akawapa ule mpira mkononi. Kila alipougusa mwili ulimsisimka. Alimkosa Kibe mpaka chakula kikamshinda. Alimkasirikia pia, kwa sababu hakuna mwanamke anayetaka kushindana na gauni. Swali lilikuwa moja tu na halikumwachia usingizi: je, kulikuwa na nafasi ya mtu hai katika moyo wa yule mwanamume, au yeye Nabwile alikuwa amepanga chumba chenye mwenyewe?

Hatimaye simu ikalia. Ilikuwa saa ya chai.

“Nabs.”

“Eeh.”

“Madaktari wa Eldoret nimewaambia wasikuje.”

Nabwile alikaa chini. “Kwa nini? Si ungeulaza waya tu katikati, vile ulikuwa unaulaza? Ungepita.”

“Ungepita. Nilifikiria hivyo, nisikufiche, nilifikiria usiku na mchana. Lakini mtoto mzima anajigeuza. Daktari anaweza kumlaza vile anataka. Mimi nilikuwa naweka waya mahali pamoja, pale panaponipendeza, kila siku. Wewe ulipouweka kando ya ukuta ndio ukasema ukweli.” Alipumua. “Nilikukosea. Nilikupigia kelele na wewe ndiye ulizuia nichome mtoto wa mtu. Nisamehe, mpenzi.”

“Si mimi nilizuia.”

“Ulisimamisha mashine.”

“Kwa sababu kengele ililia. Kibe, ulimwekea mpira mkononi siku ile?”

“Hapana. Nilisahau.”

“Mpira ulikuwa kwa ndoano.”

 Nabwile akamsikia akilia polepole, kilio cha mtu aliyekuwa akikiahirisha kwa miaka.

Walirudi Jumapili iliyofuata. Waya mpya haukuwa na uzi wa chuma ndani yake. Ulikuwa nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi, unapinda na kurudi. Kwa vile waya wa namna hiyo hauonekani kabisa kwenye picha, Kibe alikuwa ameutia vidoa vidogo vya unga wa chuma, kidoa na nafasi, kidoa na nafasi. Alionyesha bangili ya shanga mkononi mwake. “Nimeiba hapa,” alisema. Nabwile alimfinya.

Sanamu lilikuwa limezibwa kifua. Walilijaribu kichwa kwanza, miguu kwanza, mkia katikati, mkia ukutani. “Mgeuze wewe,” Kibe alimwambia kila mara, “mahali unapoogopa zaidi.” Mashine iligonga mpaka meno yakawauma. Kipimajoto hakikusogea. Kwenye skrini vidoa vyeusi vilipanda kimoja kimoja ndani ya mshipa, shanga tupu bila uzi, mpaka vikafika moyoni vikatulia. Kengele haikulia.

Kibe alitoa mfukoni pete. Ilikuwa ya nyuzi zilezile za kioo, imesukwa, na shanga moja ya njano juu yake.

“Dhahabu nitanunua, usinione nina mkono wa birika,” alisema. “Lakini ile utakuwa unaivua mlangoni kila asubuhi. Hii huvui. Nioe... yaani, nikuoe. Nabwile, nikuoe?”

Nabwile alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Hakuipokea pete. Aliangalia kitandani.

“Kwanza tumtoe,” alisema.

Kibe alielewa. Uso ulimbadilika, akasimama kwa muda akiwa na mkono juu ya lesi ya lile gauni, na Nabwile hakumharakisha. Kisha yeye mwenyewe akaligeuza sanamu, miguu ikaelekea mlango, akalifunika blanketi. Alishika upande wa kichwa, Nabwile akashika miguu, wakalitoa hivyo, polepole, kupitia ukumbini. Kesho lingezikwa Kwanza, kando ya kaburi lenye jina lake. Bramwel aliona jinsi walivyobeba.  Alivua kofia akaishika kifuani.

Walipofika uani, nyuma yao, ndani ya chumba kilichofungwa, mashine ikiwa imezimwa, kengele ililia. Ililia mara moja tu, kifupi, kama mtu anayeaga.

Kibe alisimama ghafla. Shingo yake ilianza kugeuka. Nabwile, aliyekuwa mbele akirudi kinyumenyume, aliyaona macho yake na akangoja. Moyo ulimpiga kuliko ile mashine. Hakumwita wala hakumwambia twende.

Shingo ikarudi mbele.

“Hutaki kuangalia?” Nabwile aliuliza.

“La. Ameshatoka.” Aliinua upande wake vizuri zaidi. “Tukifika kwa gari upige simu nyumbani, umwambie mzee atuwekee chakula. Kesho tukimaliza kuzika, tunabaki wawili.”

“Wawili na nani?”

“Na wewe.”

Nabwile alinyosha kidole kile cha pete kutoka chini ya blanketi, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imebeba, naye Kibe ikambidi asubiri mpaka wafike kwenye gari ndipo amvishe.